Koti Halivuji, Unavuja Wewe

Mwezi wa tano mwaka juzi nilimpelekea fundi wangu koti la mvua nikiwa nimefura. Koti lenyewe nililinunua kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu haijui, na aliyeniuzia aliniapia kuwa ni koti linalopumua: mvua haiingii, jasho linatoka. Nikalivaa siku moja masika yamechachamaa, nikapanda baiskeli kutoka Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenda stendi ya Kange kuwahi gari la Muheza. Nafika, navua koti, shati limenigandia mgongoni kama nimetoka kuogelea Raskazone na nguo zangu.

Fundi ni mzee wa umri wa baba yangu, anashona barazani kwake. Nikamwamkia, nikamwekea koti mezani, nikaanza kulalamika. Hakunijibu. Alipindua mkono mmoja nje ndani, akaufunga mwisho wake kwa uzi wa mkonge, akaita aletewe kopo la maji, akayamimina yote mle na kuutundika kwenye msumari wa dirisha. Kisha akampungia mkono muuza kahawa. Tukanywa, tukatafuna kashata, tukazungumza habari za Coastal Union na za misiba ya wiki ile. Kikombe cha tatu kilipokwisha akapitisha kiganja chini ya ule mkono uliojaa maji, akanionyesha. Kikavu.

"Koti halivuji, mwanangu," akasema. "Unavuja wewe."

Ilinichoma, maana kutota ndiyo kazi yangu. Mimi ni mnunuzi mdogo wa viungo: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, kilo 10 kwa huyu, kilo 20 kwa yule, kwa wakulima wa vijiji vya Amani kule Usambara Mashariki. Alfajiri naondoka pwani, hewa nzito, shati linaloa kabla sijatoka barazani. Saa nne asubuhi niko juu, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, ukungu umelala juu ya michai na mtu anatembea amejikunyata. Amani hupata milimita 1,900 hivi za mvua kwa mwaka. Mimi na mizani yangu ya kuning'iniza, na daftari la madeni ndani ya mfuko wa plastiki, tunapanda na kushuka humo. Iliki ikiloa inaota ukungu. Daftari likiloa, kila mtu anakumbuka deni lake kwa namna yake.

Kwa hiyo baada ya lile neno la mzee nikaamua kulisoma koti kama mtu anavyosoma mkataba.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hati ya uvumbuzi wa kitambaa kisichopitisha maji: aliyeyusha mpira kwa nafta, akaubana katikati ya vitambaa viwili. Mvua ikashindwa kuingia. Lakini makoti yale ya mwanzo yalinuka, yalikauka kama ubao kwenye baridi na kunata kwenye joto, na aliyeyavaa alijifukiza mwenyewe. Reinkoti ya nailoni inayouzwa stendi leo ni mjukuu wake. Haina unafiki, inakuahidi kuzuia mvua na inaizuia. Jasho lako ni shauri lako.

Badiliko lilikuja mwaka 1969 huko Marekani, Bob Gore alipochukua fimbo ya plastiki ya PTFE iliyopashwa moto na kuivuta ghafla badala ya polepole. Ilirefuka mno bila kukatika, ikawa utando wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. PTFE unaifahamu hata kama jina ni geni: ndiyo iliyopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, na ndiyo ule utepe mweupe mafundi bomba wanaozungushia kwenye koki. Kwa hesabu ya watengenezaji, tone la maji ni kubwa kuliko tundu la utando huo mara 20,000 hivi, ilhali chembe ya mvuke ni ndogo kuliko tundu mara 700. Tone linakwama mlangoni, mvuke unapita. Hiyo ndiyo Gore-Tex, na kampuni nyingine zina tando zao, baadhi za namna hiyohiyo, baadhi za polyurethane, plastiki ya namna nyingine, zinazofyonza unyevu upande wa ndani na kuutema upande wa nje.

Mpaka hapo muuzaji wangu hakusema uongo. Alichoacha kusema ni kwamba utando hausukumi kitu. Hauna feni wala pampu. Mvuke unatoka kwa sababu moja tu: ndani ya koti umejaa kuliko nje. Tofauti ikiwa kubwa unatoka mbio. Tofauti ikiwa ndogo unajivuta.

Sasa chukua hesabu hii, maana hapa ndipo Tanga na Amani zinapoachana. Hewa iliyo mwilini mwako chini ya koti, tuseme nyuzijoto 33 na imeshiba unyevu, inabeba gramu 35 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya pwani wakati wa mvua, nyuzijoto 27 na imekaribia kushiba nayo, ina gramu 25 hivi. Tofauti ni 10. Panda Amani siku ya ukungu, nyuzijoto 18: hewa hiyo hata ikishiba kabisa haifiki gramu 16. Tofauti inakuwa 20 hivi. Koti ni lilelile, zipu ni zilezile, utando ni uleule, lakini huko juu jasho lina msukumo mara mbili. Huku chini unaliomba jasho litoke likaingie kwenye hewa ambayo nayo inatoka jasho.

Wengi wanaobuni makoti haya wanaishi kwenye nchi za baridi na wanayajaribia huko. Siwalaumu. Ila fukuto la Tanga hawalijui.

Na tarakimu za kwenye lebo zina ujanja wake. Utaona namba mbili, kwa mfano 10,000 na 10,000. Ya kwanza ni ya mvua, kwa milimita: maana yake kitambaa kilibeba mnara wa maji wa mita 10 kabla ya kuvuja. Kwa mvua peke yake hiyo inatosha kabisa, hata ya masika. Linaloongeza mgandamizo ni mkanda wa begi begani na siti ya bodaboda iliyoloa ukiikalia, na hapo ndipo makoti dhaifu huanza kupenyeza. Namba ya pili ni ya kupumua: gramu za mvuke zinazopita kwenye mita 1 ya mraba kwa saa 24. Gawanya 10,000 kwa 24, unapata gramu 400 na kitu kwa saa, tena kwa kipimo cha maabara. Mtu anayepanda mlima na mzigo anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja. Hilo ni kama kumwaga ndoo kwenye kichungio cha chai. Ukikuta lebo imeandikwa RET, yaani kipimo cha jinsi kitambaa kinavyouzuia mvuke, soma kinyume, namba ndogo ndiyo nzuri.

Ndiyo maana siku hizi namba ya kupumua naitazama mwisho. Cha kwanza natazama kwapa.

Zipu za kwapani ndizo zilizonibadilishia maisha. Koti likiwa na zipu ndefu chini ya mkono, kuanzia ubavuni hadi karibu na kiwiko, unazifungua na hewa inapita kifuani bila mvua kuingia, maana mkono wenyewe ni paa. Koti langu la ghali halikuwa nazo. Nilirudi kwa mzee kumwomba azitie. Alilitazama koti muda mrefu, akalishikashika mishono kwa vidole vya mtu anayepima nyama buchani, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Ndani ya koti, juu ya kila mshono, kuna utepe uliobandikwa kwa moto kuziba matundu ya sindano. Ukifumua mshono umeufumua na utepe. Tukakubaliana apasue hapo kwapani tu, ambapo mvua haifiki kirahisi. Akashona, akapaka gundi ya viatu upande wa ndani kuzunguka zipu. Kazi si nzuri kwa macho. Mwanangu wa pili anasema nimewekewa milango ya samaki, yaani mashavu. Lakini linapumua sasa kuliko lilivyopumua dukani.

Kwa huku chini pwani nimerudi kwenye kitu cha kizamani zaidi: shuka pana la mvua lenye kofia, lile wengine wanaliita poncho. Linafunika mwili, begi na usukani wa baiskeli, na chini kuko wazi, upepo unaingia kwa miguuni na kutokea shingoni. Hupati mvuke kwa sababu hujafungiwa. Kasoro zake nimeziona zote. Upepo ukilishika unakuwa jahazi. Siku moja pindo liliingia kwenye mnyororo pale Chumbageni nikalala barabarani mbele ya daladala, dereva akaniuliza kwa upole wote wa Kitanga kama nimechoka. Sasa nafunga mkanda kiunoni kwa ndani na pindo la mbele nalibana kwa vibanio vya nguo kwenye usukani.

Na mwavuli jamani, tusiudharau. Kwa anayetembea kwa miguu mjini, hakuna nguo ya mvua inayopumua kuliko mwavuli. Hauna namba kwenye lebo.

Narudi kwenye makoti, maana wengi wetu hatununui dukani, tunanunua mtumba. Na mtumba una hazina kweli. Nimeona pale sokoni koti la tabaka tatu ambalo mwenyewe huko Ulaya alilitoa kwa sababu tu zipu imekwama. Lakini nimeshapigwa pia. Koti langu la pili lilikuwa la bluu, zuri, shilingi 15,000 baada ya kuvutana. Nikalivaa mara mbili. Mara ya tatu nalitoa kwenye msumari naona vipande vyeupe kwenye mabega ya shati, kama mba. Upande wa ndani ulikuwa unabambuka kama ngozi ya nyoka, na palipobambuka palinata vidoleni. Ile ni polyurethane iliyozeeka. Unyevu na joto huivunja polepole hata kama koti halijavaliwa, limekaa tu kwenye belo au kwenye sanduku. Ikianza haina dawa, fundi hawezi, gundi haiwezi.

Kwa hiyo sasa nikifika kwa dada anayeniuzia, salamu zikiisha napindua koti kabla sijatazama rangi. Nakwaruza kwa ukucha ndani ya kofia na nyuma ya shingo, sehemu zinazoanza kuharibika kwa sababu ya jasho na mafuta ya nywele. Nanusa. Polyurethane inayooza ina harufu yake, kali, kama matapishi ya mtoto, na ukiisikia mara moja huisahau. Nafuata utepe wa mishono kwa kidole, mabegani hasa. Ukinyanyuka pembeni kidogo unabandikika tena, ukikatika kama jani kavu naliacha. Kisha nachovya kidole kwenye chupa yangu ya maji na kudondosha matone begani. Dada alizoea, zamani alikuwa ananiuliza kama nalibatiza.

Matone yale yana maana. Uso wa nje wa koti zuri hupakwa dawa ya kufukuza maji, tone linasimama kama juu ya jani la myugwa na kuteleza. Dawa ikiisha, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na baridi. Utando ulio chini yake bado unazuia mvua, lakini mvuke sasa unakuta ukuta wa maji mbele yake, unageuka jasho hukohuko ndani. Mtu anasema koti limeanza kuvuja. Analitupa, na kumbe lilihitaji kufuliwa tu.

Ndiyo, kufuliwa. Nilidhani koti la mvua linafuliwa na mvua. Kumbe uchafu, mafuta ya mwili na mabaki ya sabuni ya unga ndivyo vinavyovuta maji. Nalifua kwa sabuni laini ya maji, kidogo, kwa mkono, bila dawa ya kulainisha nguo wala ya kung'arisha, nalisuuza mpaka maji yawe kama ya kunywa. Likikauka kivulini, natazama alama ya pasi kwenye lebo. Kama ina nukta moja na haijakatwa kwa alama ya X, naweka kipande cha kanga juu yake na kupitisha pasi ya moto mdogo. Joto linaiamsha ile dawa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo na kumwagia koti maji, matone yalivyokimbia nilimwita mke wangu aje kuona. Alikuja, akatazama, akauliza kama hii ndiyo ile nguo ya bei asiyoijua. Kanga ilikuwa yake.

Dawa za zamani zilitengenezwa kwa kemikali za florini ambazo haziozi, zinabaki ardhini na kwenye maji miaka na miaka, na watengenezaji wengi wameanza kuziacha. Mpya zina afadhali kwa mazingira ila zinashindwa na mafuta haraka, hivyo koti jipya linataka kufuliwa mara nyingi kuliko la zamani.

Halafu kuna cha ndani. Hapa nitasema kwa ukali kidogo: ukivaa fulana nzito ya pamba chini ya koti bora duniani umefanya kazi bure. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo. Ukisimama kule juu kupima iliki, ile baridi inayokuingia haitoki nje, inatoka kwenye fulana yako. Mimi navaa jezi ya mpira. Ni polista, inakauka mwilini, na Tanga hii nani hana jezi? Dada mmoja mnunuzi mwenzangu anayevaa mtandio chini ya kofia ya koti alinionyesha jambo ambalo nisingeligundua: mtandio wa pamba ukichungulia nje hata kidole kimoja unaloa, kisha unayavuta maji kama utambi wa taa hadi kifuani. Amehamia kwenye mtandio mwepesi wa shifoni, na anauchomeka wote ndani. Mikono mirefu ya shati inayotokeza kwenye mkono wa koti hufanya vilevile.

Kofia, ijaribu kwa kugeuza kichwa. Ukigeuka na kofia ikabaki inatazama mbele, umejinunulia kifuniko cha chungu, na bodaboda inayokuja kulia hutaiona. Suruali za mvua nilijaribu nikaacha, kwenye kupanda ni tanuri. Kaptura na gambuti, au sandali za plastiki kama njia haina siafu.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya Novemba iliyopita, mvua za vuli, njia ya kuteremka kutoka shamba la mzee mmoja mwenye iliki nzuri kuliko wote. Wakati wa kupanda nilianza nikiwa nasikia baridi kidogo, koti wazi, mashavu ya samaki yamefunguka, kwa sababu nimejifunza kwamba ukianza safari ukiwa na joto la raha, baada ya dakika 10 unajipika. Rasharasha ikageuka mvua nilipofika juu, ndipo nikafunga. Chini ya mwamba njiani kuna vimea vyenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, vile ambavyo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alivipeleka Ulaya mwaka 1892 na sasa viko madirishani kote duniani. Nilisimama pale kupumzika. Wachuma chai wakapita, nailoni zimefungwa kiunoni kama kanga, migongo wazi, wanacheka. Nikaingiza mkono ndani ya koti, mgongoni. Jezi ilikuwa na unyevu tu wa kawaida.

Jioni nikashuka Tanga, mvua imenifuata mpaka mjini. Fundi wangu alikuwa anatoka msikitini kwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mwavuli mweusi wenye ufito mmoja uliovunjika, kanzu ameikunja mapajani, kavu kuanzia kofia hadi kiunoni. Akapunguza mwendo kuniangalia.

"Vipi, umeacha kuvuja?"

"Nimepunguza, mzee."

Akacheka, akapiga kengele, akakata kona.